Boksi la Mama Da-jeong

Simu ya Tak Man-seop iliita mara nyingi wiki ile, na kila ilipoita mzee wa watu alisimama wima pale pale alipokuwa, akakohoa kusafisha koo, akaitikia kwa jina lake kamili kama mtu aliyeitwa mahakamani. Mara moja alikuwa binti mwenye sauti laini anayeuza bima ya saratani. Mara nyingine ilikuwa mashine ya kukusanya maoni ya uchaguzi, naye akaisikiliza mashine mpaka mwisho na kubonyeza kila alichoambiwa abonyeze, kwa kuogopa kumkatia mtu simu wiki kama ile. Halafu mkewe, Geum-rye, akapiga simu kutoka sokoni, kuuliza kama shule imepiga.

"Imeita," akasema Man-seop. "Ni wewe."

Aliyekuwa akimsubiri ni shule. Shule ya msingi ya serikali, ile iliyo juu ya kilima nyuma ya bandari ya Gunsan, ilikuwa inatafuta mlinzi. Kazi yenyewe si ya kutangazia dunia: kufungua geti asubuhi, kuvusha watoto barabara, kufagia majani, na jioni kufunga madarasa na kuzima taa ambazo walimu huzisahau kila siku. Man-seop alikwenda kwenye usaili Alhamisi iliyopita amevaa suti yake ya misibani, maana hakuwa na nyingine. Mkuu wa ofisi ya shule, Bwana Byeon, alimuuliza hali ya magoti yake na kama anavumilia makelele ya watoto. Man-seop akajibu kwamba magoti ni mazima, na kwamba mtu aliyezeekea kwenye yadi ya kuunda meli, akisikiliza vyuma vikigongwa kutwa, kwake makelele ya watoto ni usingizi mtamu. Bwana Byeon alicheka sana. Akauliza kama anaweza kuanza mwanzo wa mwezi, kisha akamsindikiza mpaka mlangoni, jambo ambalo Man-seop, aliyekuwa ameketi kwenye kiti cha korido tangu asubuhi, hakuona akiwafanyia wengine. Tutakupigia mapema wiki ijayo, akaambiwa.

Sasa wiki ijayo ilikuwa imefika Jumatano na hakuna aliyepiga. Kwa mtu mwingine siku mbili tatu si kitu. Kwa Man-seop, Jumamosi ndiyo iliyokuwa imemkaba koo. Binti yake wa pekee, Da-jeong, alikuwa anaolewa, na Jumamosi hiyo wazazi wa pande mbili walikuwa wanakutana kwa mara ya kwanza kule Jeonju, kula pamoja na kupimana kwa macho huku kila mmoja akijifanya anatazama samaki. Baba wa kijana alikuwa mfamasia, mwenye duka lake la dawa. Na Man-seop alijua, kama anavyojua jina lake, kwamba katikati ya chakula swali lingekuja, kwa upole wote, na tabasamu juu: mwenzetu anajishughulisha na nini siku hizi?

Tangu yadi ilipofungwa, jibu lake lilikuwa refu. Alibeba mizigo sokoni mpaka mgongo ukagoma, akauza samaki na Geum-rye mpaka Geum-rye akamwambia anafukuza wateja kwa uso wake, akakaa tu nyumbani. Alikuwa anaona haya. Si haya ya umaskini, maana maskini walikuwa wengi mtaani kwao na hakuna aliyekufa kwa hilo. Alichoonea haya ni kwamba mwanawe angekaa kwenye meza ile akisubiri baba yake ajibu, na baba yake angeanza kueleza. Alitaka jibu fupi tu, lenye jina la mahali ndani yake, kisha watu waendelee kula.

Siku hiyo ya Jumatano akateremka kwa Chun-bae. Huyu walifanya kazi yadi moja, mdogo wake kwa miaka michache, na sasa alikuwa mlinzi wa majumba ya ghorofa ya watu binafsi karibu na kituo cha treni, ana kibanda chake chenye kioo na hita ya umeme anayoringia kama gari jipya. Man-seop akamwuliza kama itakuwa vibaya kuwapigia simu shule.

Chun-bae akasema ni vibaya sana, simu wanapiga wadai. "Wewe nenda mwenyewe, kaka. Mtu akikuona mbele yake anaona haya kukukatalia. Mimi hapa unafikiri nilipataje? Nilikuja, nikaja, nikaja, mpaka mwenyekiti wa wakazi akachoka na sura yangu akaona bora anilipe."

"Na sura yenyewe hii," akasema Man-seop.

"Ndiyo hiyo. Yako ingechosha haraka zaidi."

Nyumbani, Geum-rye aliposikia habari hiyo hakupinga. Alikuwa ameinama juu ya beseni kubwa la kabeji zilizotiwa chumvi, maana msimu wa kutengeneza kimchi, kabeji ya kuchachusha ya kula majira ya baridi, ulikuwa umefika, mikono imemfa ganzi kwa baridi. Akajinyoosha, akamtazama mumewe kuanzia kichwani mpaka soksi, akamuuliza anataka kwenda kwa watu mikono mitupu kama nani. Kabla Man-seop hajajibu alikuwa ameshavaa koti. Akarudi na boksi la vinywaji vya kutia nguvu, vile vya chupa ndogo za kahawia ambavyo huku kwetu mtu hakanyagi ofisi ya mtu, wala kitanda cha mgonjwa, bila ya kuvibeba. Akalifuta vumbi kwa upande wa aproni yake. Akalifunga kwa kitambaa, akakifungua, akakifunga tena fundo likae katikati.

"Usilitoe kama unaomba, baba Da-jeong," akasema. "Litoe kama mtu na watu wake."

Alhamisi, Man-seop akapanda kilima. Alipofika ofisini alisema alikuwa anapita tu, akaona si vizuri apite bila kusalimia. Kilima kile hakina pa kupitia. Njia inaishia kwenye geti la shule na baada ya hapo ni miti na makaburi. Lakini Bwana Byeon alisimama kwa heshima, akamkaribisha, mpaka macho yake yalipoteremka yakaona boksi.

"Mzee, hilo utarudi nalo," akasema.

"Ah, ni maji tu haya. Mnakauka koo na kazi."

"Nakuomba, mzee. Haturuhusiwi."

Sasa hapa ndipo mtu wa huku anapojikwaa, na mimi simlaumu. Kwetu sisi hakuna mtu mwenye adabu anayepokea zawadi mara ya kwanza. Anayepewa husema hapana, anayetoa husukuma, yule husema hapana tena, huyu husukuma tena, na wakati mwingine hushikana mikono na mikoba mpaka mpita njia akadhani ni ugomvi. Man-seop alikuwa amewaona mama yake na shangazi yake wakisukumiana kapu la matunda toka ukumbini hadi kituo cha basi. Kwa hiyo kila Bwana Byeon alivyozidi kukataa, ndivyo Man-seop alivyozidi kuona kwamba huyu ni mtu aliyelelewa vizuri. Mara ya tatu alifanya kama alivyofundishwa na waliomzaa: aliliweka boksi juu ya meza, akainama mpaka kiunoni, akageuka, akatoka mguu niponye.

Bwana Byeon alimkimbilia na ndala zake za ofisini mpaka juu ya ngazi, akimwita. Man-seop akaisikia sauti ile akiwa ngazi za chini na moyo wake ukafurahi. Mkono aliupunga bila kugeuka.

Alifika getini anahema na anacheka peke yake. Pembeni kilikuwepo kibanda cha mlinzi, kidogo, kina kiti na ndoano ya kutundikia koti. Akachungulia ndani. Majani ya miti ya ginko, ya manjano, yalikuwa yamejaa mpaka kwenye mfereji, na ilionekana wazi kuwa hakuna aliyeyagusa tangu mlinzi wa zamani aondoke. Akasogeza machache kwa kiatu chake. Simu ikaita.

"Mzee Tak, ni Byeon wa shuleni."

Man-seop akasimama wima. "Naam, bwana. Naam."

"Umefika wapi?"

"Niko getini hapa."

"Rudi juu, tafadhali. Njoo uchukue boksi lako."

Hata wakati huo alidhani adabu bado inaendelea, ila sauti ile haikuwa na tabasamu. Akapanda tena, taratibu safari hii. Ofisini boksi lilikuwa pale pale alipoliweka, lakini meza ilikuwa imeondolewa vitu vingine vyote, na karani mmoja alikuwa analipiga picha kwa simu, mbele, kisha ubavuni. Mwenzake alikuwa anaangalia dirishani. Bwana Byeon akalibeba boksi mwenyewe, akamtoa Man-seop koridoni, wakakaa kwenye vile viti vya siku ya usaili.

"Unajua ulipoingia nilikuwa nafanya nini?" akasema. "Nilikuwa nasubiri mwalimu mkuu atoke kwenye kikao apige mhuri. Jina lilikuwa lako, mzee. Ningekupigia leo jioni."

Man-seop hakuelewa mara moja. Alisikia "jina lilikuwa lako" na damu ikampanda usoni kwa furaha. Ndipo neno "lilikuwa" likamfikia.

"Basi nipigie," akasema. "Nakwenda nyumbani nasubiri. Boksi hili hapa, nimelichukua. Tuseme sikuja."

"Wamekuona wote mle ndani."

"Ni vinywaji, bwana. Si hongo."

"Najua si hongo. Mimi najua." Bwana Byeon alikuwa anajisugua paji la uso. "Lakini mtu anayeomba kazi kwetu akileta kitu, hata chupa moja, sheria inasema niripoti. Nisiporipoti mimi, ataripoti mwingine, na kesho kazi yangu ndiyo inaota nyasi. Siku hizi hata ua la mtoto hatulipokei. Hukuwahi kusikia?"

Alikuwa amesikia. Nani hakusikia? Lakini alisikia kwenye televisheni, kati ya habari za mawaziri na wenye makampuni, watu wanaopeana bahasha ndani ya magari meusi. Haikumpitia akilini kwamba sheria ile iliyowasaka wale ingeinama ikamwona na yeye, na kitambaa chake chenye fundo katikati. Akakaa pale na boksi mapajani. Hakukasirika. Angekasirika ingekuwa nafuu.

"Ungekaa tu nyumbani, mzee," akasema Bwana Byeon polepole, na akainamisha kichwa, na hakukiinua upesi.

Man-seop aliuliza jambo moja tu: kama kuna karatasi yoyote itakayopelekwa nyumbani kwake. Bwana Byeon akasema hakuna. Angeandika kuwa kitu kimerudishwa papo hapo, na mambo yangeishia pale pale shuleni. Kazi ingekwenda kwa aliyemfuatia. Man-seop akamshukuru. Akaamka, akainama tena, safari hii kwa sababu hakujua afanye nini kingine, akashuka.

Hakuuliza habari ya karatasi kwa kujiogopea. Miaka mingi nyuma, asubuhi ya mtihani wa Da-jeong wa kuingia chuo kikuu, Geum-rye aliamka bado ana usingizi, akapasha moto supu ya mwani iliyobaki jikoni, akampa mtoto. Kila mama wa nchi hii anajua kwamba mwani unateleza na anayeula siku ya mtihani huteleza nao. Da-jeong akafeli, akarudia mwaka mzima. Hakuna aliyemlaumu mama yake, mtoto mwenyewe alisema hakusoma vya kutosha, lakini Geum-rye alijihukumu na kifungo chake hakikuisha. Mpaka leo mtu akitaja mwaka ule, hata kwa habari nyingine kabisa, yeye hunyanyuka akaenda kuosha vyombo safi. Sasa aambiwe na hili: kwamba kazi ilikuwepo, imeshaiva, imesubiri mhuri, na kilichoitia mchanga ni boksi alilolinunua na kulifuta vumbi kwa aproni yake mwenyewe.

Akalipeleka boksi kwa Chun-bae. Chun-bae alimwona kupitia kioo akaanza mzaha kabla hajafungua mlango, kwamba kaka sasa anahonga mpaka walinzi wenzake. Man-seop akaketi karibu na hita, akamweleza. Chun-bae akasema ni yeye aliyemtuma.

"Wewe ulituma miguu," akasema Man-seop. "Cha mkononi alinipa mama Da-jeong."

"Utamwambiaje?"

"Simwambii."

"Atauliza, kaka. Mkeo huyo, ataniuliza mpaka mimi."

"Basi jifanye mjinga. Hutapata shida."

Chun-bae akalisukuma boksi chini ya meza yake kwa mguu, nyuma ya ndoo. Akatoa chupa mbili kwanza. Wakanywa huku wakazi wakipita nje na mifuko yao ya sokoni, na kila aliyepita Chun-bae akamwinamia.

Nyumbani Geum-rye alikuwa tayari amesimama mlangoni, mikono inatona maji ya chumvi. Man-seop akavua viatu, kimoja, kisha kwa muda mrefu kile kingine.

"Walipokea?" akauliza Geum-rye.

Alikuwa amejiandaa njia nzima kwa swali la kazi. Angesema wamempata kijana zaidi, basi, yameisha. Lakini hakuulizwa kazi, aliulizwa boksi, na uso ule uliokuwa unamtazama ulikuwa unataka kitu kidogo sana.

"Walipokea," akasema.

"Walikataa kwanza?"

"Walikataa sana."

"Kisha wakapokea." Geum-rye akacheka, akapangusa macho kwa mkono wa sweta, eti ni kitunguu. "Ndiyo watu wenye adabu hao. Nilikwambia mimi. Mtu akishapokea chako hawezi kukugeuka." Na kabla Man-seop hajafika katikati ya chumba, alikuwa na simu sikioni, anamwambia Da-jeong.

Uongo ule alitaka uwe wa jioni moja. Ijumaa asubuhi angesema kweli, ila Ijumaa asubuhi Geum-rye alikwenda kutengeneza nywele, na mchana alirudi na tai mpya, ya bluu, ili suti isionekane ya matanga. Jioni aliuliza kama wamepiga. Man-seop akasema bado, kuna mhuri unasubiriwa. Hilo lilikuwa kweli siku moja kabla. Akalala anatazama ukuta na kujichukia.

Jumamosi ikafika. Hoteli aliyochagua mchumba wa Da-jeong, Tae-ik, ilikuwa ya vyumba vya faragha, sakafu ina joto la chini kwa chini, na vibakuli havikwisha kuja. Mfamasia, Bwana Seol, alikuwa mtu mwembamba, mpole, anayemimina vinywaji kwa mikono miwili. Mkewe alisifu kila kitu: safari, nywele za Geum-rye, hata hali ya hewa. Da-jeong alikuwa amekaa magoti pamoja kama mtoto wa shule, akimtazama baba yake kila baada ya tonge. Walizungumza ukumbi wa harusi, wakazungumza watoto walivyojuana. Samaki aliletwa. Kisha Mama Seol akageuka kwa Man-seop, na tabasamu lilikuwa lile lile alilolitegemea.

"Na bwana mkwe, siku hizi unajishughulisha na nini?"

Man-seop akaweka vijiti vyake chini. Alikuwa ameamua, kweli kabisa alikuwa ameamua, ndani ya basi njia nzima. Lakini Geum-rye alikuwa na jibu tayari na alikuwa amelibeba toka Gunsan.

"Anaingia kazi shule ya msingi, ya serikali," akasema. "Ni mhuri tu umebaki."

Da-jeong akapumua. Bwana Seol akafurahi kwa dhati, akasema hiyo ni kazi nzuri, mtu anazungukwa na watoto hazeeki. Yeye mwenyewe duka lake linatazamana na shule. Akaanza kusimulia, kwa sababu alikuwa anataka kumpa mkwe wake heshima na hakuwa na la zaidi la kusema kuhusu shule. Zamani, akasema, wazazi walikuwa wanajaa dukani kwake kununua maboksi ya vinywaji vya kuwapelekea walimu. Siku hizi hakuna. Shule imekuwa safi mno, haigusi hata chupa. Mwaka jana kuna bibi mmoja alimwachia mwalimu wa mjukuu wake boksi mlangoni, na lilirudishwa na watu wawili pamoja na karatasi.

"Labda huko kwenu Jeonju," akasema Geum-rye, akicheka. "Sisi walipokea. Alhamisi hii hii baba Da-jeong amewapelekea boksi, wakakataa kwa adabu, halafu wakapokea."

"Walipokea?" akasema Bwana Seol. "Kwa mtu anayeomba kazi kwao?"

Hakuwa na nia mbaya. Alishangaa tu kama atakavyoshangaa mfamasia yeyote akisikia dawa mbili ambazo hazichanganywi zimechanganywa. Kisha akatazama uso wa Man-seop, akaelewa kabla ya wote, akainua birika la chai lililokuwa tupu akalirudisha mahali pake.

Geum-rye alikuwa bado ana kicheko usoni. Man-seop alikiona kikibaki pale bila mwenyewe, macho yakimgeukia polepole. Alitaka kutazama kwingine na hakuweza. Akaona mkewe akilitoa boksi dukani, akilifuta, akifunga kitambaa, akifungua, akifunga tena. Yote hayo yalipita usoni pa Geum-rye mbele ya wakwe. Da-jeong alishika mkono wa Tae-ik chini ya meza.

Mama Seol, ambaye alikuwa anamchambulia mumewe miiba na hakufuata mazungumzo vizuri, akauliza kwa furaha anaanza lini.

Man-seop akafungua mdomo.

"Mwanzo wa mwezi," akasema Geum-rye.

Akanyoosha vijiti, akakata kipande cha samaki kilicho kinono, akakitoa miiba, akakiweka juu ya wali wa mumewe. Akakata kingine, akakiweka juu ya kile cha kwanza. Kile cha tatu kilianguka mezani akakiacha. Man-seop akala vyote viwili, na mbele ya watu wale akatafuna vizuri, mpaka mwisho.

Basi la kurudi halikuwa na watu wengi. Geum-rye alikaa dirishani na mkoba wake mapajani, nywele zake mpya zimebanwa na kiti. Mashamba yalikuwa yameshavunwa, yamebaki marobota meupe ya majani makavu. Man-seop alingoja apigiwe kelele. Angeshukuru.

"Liko wapi?" akauliza Geum-rye.

"Kwa Chun-bae."

"Analinywa?"

"Atakuwa amelimaliza."

Geum-rye akatikisa kichwa kukubali, kama mtu aliyepewa hesabu inayoeleweka. Basi likapita daraja.

"Hata ile supu hukuwahi kunisema," akasema.

"Supu haikuwa na kosa lolote, mama Da-jeong. Mtoto hakusoma."

"Na boksi?"

Alikuwa hamtazami, alikuwa anatazama mikono yake, ambayo chumvi ya kabeji ilikuwa bado haijaiachia. Man-seop akageukia mbele. Alitafuta cha kumjibu tangu daraja lile mpaka basi likaingia Gunsan, mpaka dereva akazima injini na watu wakaanza kushuka, na hakukipata.